Bima ya Dhima kwa Biashara Ndogo Tanzania: Ipi Inunuliwe Kwanza

Wafanyabiashara wengi wadogo nchini, wanapoulizwa kama wamekata bima, hujibu kwamba duka lina bima ya moto na wizi, na kwa jibu hilo huamini kuwa wamejikinga vya kutosha. Bima hiyo hulinda mali ya mwenye duka tu. Haimlipi mteja aliyeteleza kwenye sakafu yenye maji akavunjika nyonga, wala jirani ambaye stoo yake imeteketea kwa moto ulioanzia kwenye karakana yako. Madai ya namna hiyo hukufikia kwa njia ya mahakama, na kama biashara yako haijasajiliwa kuwa kampuni, sheria haikutenganishi nayo. Deni linaweza kufuata hata nyumba unayoishi. Kinga dhidi ya madai hayo ni bima ya dhima, na kwa kuwa fedha za biashara ndogo hazitoshi kununua kila aina yake, inafaa kujua ipi itangulie.

Yapo mambo mawili yasiyo ya hiari, ambayo ni lazima yakamilike kabla ya kufikiria kununua kingine. Mwajiri yeyote Tanzania Bara, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anapaswa kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango mwaka 2015. Kiwango cha mchango kwa sekta binafsi, ambacho awali kilikuwa asilimia 1 ya mishahara, sasa ni asilimia 0.5, kwa hiyo mwajiri anayelipa mishahara ya jumla ya shilingi 2,000,000 kwa mwezi huchangia shilingi 10,000. Kwa kiasi hicho, mfanyakazi anayeumia au kuugua kutokana na kazi hutibiwa na kulipwa fidia na Mfuko. Jambo la pili ni chombo cha moto: gari au pikipiki ya kupelekea mizigo ni lazima kisheria iwe na angalau bima ndogo, ile inayolipa madhara kwa watu wengine, na bima nyingine za dhima kwa kawaida huondoa ajali za barabarani katika kinga yake.

Baada ya hayo, nafasi ya kwanza naipa bima ya dhima kwa umma, bila kusita, kwa biashara yoyote inayopokea wateja au inayofanya kazi katika maeneo ya watu wengine. Mgahawa, saluni, ukumbi, gereji, fundi bomba, fundi umeme na mchomeleaji wa mageti wote wanaihitaji. Hulipa fidia kwa mtu wa nje aliyeumia au aliyeharibiwa mali kutokana na uzembe wa biashara, pamoja na gharama za wakili wa kukutetea. Hapo ndipo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji linapoanzia: je, gharama za wakili zinalipwa juu ya kikomo cha fidia, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa, au zinakatwa humo humo? Kesi inayochukua miaka kadhaa inaweza kula sehemu kubwa ya kikomo kabla mdai hajapata hata shilingi, na kitakachopungua utakilipa wewe.

Kikomo chenyewe huandikwa kwa namna mbili, yaani kwa kila tukio na kwa jumla ya mwaka mzima, na ni lazima uzione namba zote mbili. Katika kukichagua, usianze na ada unayoiweza. Fikiria kwanza saa ambayo eneo lako lina watu wengi zaidi, mali ya majirani wanaopakana nawe, na tukio baya kuliko yote linaloweza kuwakuta kwa pamoja. Mara nyingi ada haipandi kwa uwiano sawa na kikomo, hivyo kinga kubwa maradufu haigharimu mara mbili. Ni afadhali kukubali kujilipia mwenyewe kiasi kikubwa kidogo katika kila dai, ili ada ishuke, kuliko kupunguza kikomo.

Lipo pengo moja linalowaumiza mafundi wengi, nami naliona kuwa zito kuliko suala la bei. Bima ya dhima kwa umma ya kawaida haigusi mali ya mteja iliyo mikononi mwako. Gari lililoachwa gereji, suti iliyo kwa dobi, simu iliyo kwa fundi simu: vyote hivyo, vikiharibika ukiwa navyo, haviko ndani ya kinga mpaka kiongezwe kifungu maalumu. Fundi asiyekiomba kifungu hicho amenunua bima inayomlinda katika kila jambo isipokuwa lile analolifanya kutwa. Mchomeleaji naye asome masharti ya kazi za moto, kwa sababu kampuni nyingi hudai kuwepo kwa kizima moto na mtu wa kuangalia cheche, na dai hukataliwa sharti hilo lisipotimizwa.

Nafasi ya pili ni ya bima ya dhima ya bidhaa, na kwa anayetengeneza chakula, vinywaji, vipodozi au samani inakaribiana sana na ya kwanza. Tangu kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1932 na ambayo bado hufundishwa katika vyuo vyetu vya sheria, mtengenezaji huweza kudaiwa na mlaji ambaye hakununua kitu kwake moja kwa moja. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ni ya lazima kwa bidhaa nyingi, lakini haizuii mtu kukudai. Kampuni nyingi huuza kinga hii pamoja na dhima kwa umma katika hati moja, na kwa mzalishaji mdogo huo ndio ununuzi ninaoupendekeza.

Bima ya dhima ya kitaaluma inafuata, ingawa kwa mhasibu, mshauri wa kodi au msanifu majengo hupanda hadi nafasi ya kwanza, kwa kuwa madhara yao hutokana na ushauri. Kwa kawaida hulipa kwa kufuata tarehe ya kuletwa dai, si tarehe ya kosa. Ukiacha kuihuisha, kosa la miaka miwili iliyopita linabaki bila kinga.

Vifurushi vya biashara, vinavyochanganya moto, wizi na dhima, naviweka mwisho. Ni rahisi kuvinunua, lakini kikomo cha dhima ndani yake mara nyingi ni kidogo mno.

Unaponunua, kumbuka kwamba wakala, ikiwemo benki inayouza bima, huiwakilisha kampuni, ilhali dalali wa bima humwakilisha mteja. Ulizia kama bei uliyotajiwa imejumuisha VAT. Kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, kinga haianzi kabla ada haijalipwa, hivyo ahadi ya kulipa mwezi ujao haikupi kinga yoyote. Hati ikitoka, hakiki namba yake kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Siku tukio likitokea, msaidie aliyeumia, lakini usikiri kosa wala kuahidi malipo kabla kampuni haijaridhia, kwani karibu kila mkataba hukataza hivyo. Toa taarifa kwa maandishi mara moja, hata kama hakuna aliyekudai bado. Kampuni ikikataa kulipa na hukubaliani na sababu zake, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na hati, risiti ya ada na nakala ya taarifa yako yenye tarehe ya kupokelewa.