Gari la gesi Dar: injini sina neno, ila yule kijana wa pampu!

Naandika nikiwa bado nina hasira, na sitaki kusubiri zipoe. Mhudumu wa kituo cha gesi asilia hapa Dar es Salaam, kijana ninayeweza kumzaa, ameniambia mbele za watu: "Mama, kama una haraka, sheli ya petroli iko pale mbele." Hakuniamkia. Usoni hakunitazama. Aliyasema hayo huku anachomoa mpira wa gesi kwenye gari langu, mtungi ukiwa bado sana kujaa, na mimi niko kwenye ile foleni tangu watu wanatoka kuswali Isha.

Jina la kituo naliacha. Anayetembelea gesi mjini hapa ameshakutana na huyo kijana, au na mwenzake wa kituo kingine, na nikitaja kimoja vingine vitajiona vimepona.

Kwanza niseme kilichonifikisha huko. Agosti 2022, petroli ya Dar ilipofika shilingi 3,410 kwa lita, nilikuwa tayari na biashara yangu ya vitafunwa: sambusa, maandazi, chapati, vitumbua. Napika Goba usiku, alfajiri nasambaza maofisini kuanzia Mwenge mpaka Posta. Serikali ilikuwa imeanza kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni mwaka ule, na bado bei ikafika pale. Sasa sambusa huwezi kuipandisha kila EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei kikomo mpya. Mteja aliyezoea bei yake ukimwongezea anahamia kwa mwingine siku hiyo hiyo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nilikuwa naamka na simu mkononi nasubiri tangazo, na hata mwezi ambao bei ilishuka sikufurahi, maana nilijua itarudi tu. Mafuta yote haya tunaagiza nje. Vita vikizuka Ukraine, mpika sambusa wa Goba analipa.

Nikaanza kutafuta njia ya kujitoa kwenye petroli. Shemeji yangu ana Aqua, ile haibridi inayotumia petroli na betri, na kweli inakunywa kidogo. Lakini betri yake kubwa ilipoanza kuchoka, bei aliyotajiwa ilinitosha kukata tamaa. Gari la umeme nililitamani, ila kwa jinsi umeme unavyokatika mtaani kwetu, kulaza gari bila chaji siku ya oda ni kupoteza wateja. Ikabaki gesi asilia. Wakati ule ilikuwa shilingi 1,550 kwa kilo, na kilo moja ya gesi inakupeleka mbali kuliko lita moja ya petroli. Hesabu hiyo haikuhitaji mshauri. Mchezo wetu wa akina mama ulipofika zamu yangu, hela yote ikaenda kwa fundi.

Kwa fundi sina lawama hata moja, na naomba hili lisomwe vizuri kwa sababu huko mbele nitakuwa mkali. Alinionyesha kila kitu kabla ya kukifunga: mtungi wa chuma unaokaa kwenye buti, bomba jembamba linalopita chini ya gari mpaka mbele, kile kifaa cha kupunguza presha kabla gesi haijaingia kwenye injini, na swichi yenye taa za kijani karibu na usukani. Akanipa cheti, akaniambia mtungi una muda wake wa kupimwa upya na nisimruhusu mtu yeyote kuuchezea. Jirani yangu aliwakataza wanawe kupita karibu na gari, anasema nimeegesha bomu. Nikamweleza nilivyoelezwa: gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu na kutawanyika. Ile ya kupikia ndiyo nzito, inatuama sakafuni. Na mtungi wa kupikia anao jikoni kwake, watoto wanacheza pembeni yake.

Gari lenyewe? Asubuhi linawaka na petroli, injini ikishapata joto linahamia gesi lenyewe bila kushtuka. Kilima cha Makongo linakipanda kivivu kidogo kuliko zamani, nakubali. Buti limeliwa na mtungi, kwa hiyo ndoo za vitafunwa zimehamia siti ya nyuma na nimelazimika kushona vitambaa vya kuzuia mafuta yasichafue viti. Hayo yote niliyameza, kwa sababu hela iliyokuwa inaishia kwenye petroli ilianza kubaki mkononi. Niliona kwa macho yangu. Nikanunua unga kwa mifuko badala ya kupimiwa. Miezi ile ya mwanzo sikukutana na mtu mwenye gari nisimwambie aweke gesi, mpaka ustadhi wa madrasa nilimsumbua na ile Noah yake.

Halafu foleni zikaja.

Wengi tulikuwa tumepiga hesabu ile ile. Teksi za mtandao wakaweka, bajaji wakaweka, magari madogo ya mizigo yakaweka, na vituo havikuongezeka kwa mwendo huo. Ukifika unakuta mstari umetoka nje ya geti, umefuata barabara, umekunja kona. Watu wanazima injini na kusukuma magari kwa mikono, hatua kwa hatua, kuokoa kile kidogo kilichobaki. Wauza kahawa na kashata wamejua, wanakuja na mabirika yao. Kuna madereva wanalala humo humo ndani ya bajaji, miguu nje, anayefuata nyuma ndiye anawaamsha mstari ukisogea.

Usiku ninaousema nilikuwa na oda ya harusi Mbagala asubuhi yake. Niliwahi makusudi. Kulikuwa na akina mama wengine wawili watatu kwenye mstari, tukakaa pamoja, tukapiga stori, tukavumilia. Zamu yangu ikafika usiku wa manane. Nikazima gari na simu, nikashuka, nikafungua boneti, nikatoa kifuniko cha plastiki pale gesi inapoingilia. Kijana akachomeka mpira. Ukastuka, ukakakamaa, ukaanza kuvuma. Nikasimama nautazama mshale wa geji, maana nimeshajifunza: ukifika 200 mtungi umejaa. Ukapanda mpaka 60, 80, 100. Ulipokaribia 120 ukaanza kusuasua. Ukasimama. Akachomoa.

"Mdogo wangu, mbona haijajaa?"

"Presha imeshuka."

"Basi tusubiri ipande kidogo, nina safari ya mbali asubuhi."

Ndipo aliponielekeza kwenye sheli ya petroli.

Sikuwa nimefunga boneti, gari jeupe likaingia kwa kurudi nyuma kupitia geti la kutokea. Halikuwa kwenye foleni yetu. Sisi tuliokesha pale tulikuwa tunajuana kwa namba za magari. Dereva akashuka, wakashikana mikono na yule kijana, ile mikono ya kukawia kuachiana, na mpira ule ule uliochomolewa kwangu ukachomekwa kwake. Ukakaa kwake muda mrefu kuliko ulivyokaa kwangu. Mimi nimeambiwa presha hakuna. Ya kwake ilitoka wapi?

Nikauliza kwa sauti. Sikutukana, niliuliza. Kijana akageuza mgongo. Mlinzi ndiye aliyekuja kuniambia nitoe gari, nazuia wenzangu.

Aliyenieleza ni dereva wa bajaji aliyekuwa nyuma yangu. Akasema: "Shangazi, ngoja nikwambie. Gesi inasukumwa na kompresa inaingia kwenye mitungi mikubwa ya pale nyuma, sisi tunachota humo. Magari yakifululiza, ile mitungi presha inashuka, anayefuata anapata nusu. Inabidi kompresa ipewe muda. Umeme ukikatika ndiyo basi kabisa." Maelezo ya dakika moja, yameeleweka, hasira ikapungua nusu. Mwenye bajaji ameweza, aliyevaa sare ya kituo ameshindwa. Kama angenitamkia hayo tu, na kuniambia mama pisha pembeni tukuite ikipanda, nisingeandika neno hapa. Hata hela hawakuniibia. Nililipia kilo zilizoingia, risiti ninayo. Lakini kuna kitu kingine kilichukuliwa pale na hakina risiti. Na lile gari jeupe hakuna kompresa inayolieleza.

Mama yangu mzazi ni mtu wa Kilwa, ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko linavyopaswa labda. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha huko huko Kilwa, iligunduliwa 1974. Ilianza kufika Dar kwa bomba 2004, miaka thelathini baadaye, na sisi huku tukapata umeme wake. Bomba la kutoka Mtwara likakamilika 2015, baada ya watu wa kule kuandamana 2013 wakisema gesi haitoki, na wengine kupoteza maisha. Ikatoka. Ikapita chini ya mashamba ya watu, Mtwara, Lindi, Pwani, mpaka hapa mjini. Haipiti bandarini kwa meli ya mtu, haisubiri dola, haijui habari za Ukraine. Ni yetu. Halafu inafika hatua ya mwisho kabisa, mita moja kutoka kwenye gari langu, inakabidhiwa mtu anayeamua nani apewe kwa kupeana mkono.

Wiki ile nilirudi kwenye petroli. Niliapa. Nilimpigia fundi kumuuliza anaweza kuung'oa ule mtungi kwa shilingi ngapi na kama kuna mtu anayeununua. Akaniambia, "Dada, tulia kwanza, usiamue leo." Sheli ya petroli nilihudumiwa vizuri mno, salamu, kioo kikafutwa, dakika chache niko barabarani. Nikajiambia hii ndiyo heshima. Ijumaa nilipokaa kufunga hesabu za wiki na binti yangu, unga, mafuta ya kupikia, nyama, msaidizi, petroli, faida haikuonekana. Nilikuwa nimepika usiku kucha wiki nzima kwa ajili ya sheli.

Kwa hiyo mtungi haung'oki. Nimesema mwanzo kwamba nina hasira, na ninazo, ila anayeniuliza kama aweke gesi, kwa sasa jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Uwe unapita karibu na kituo kwenye njia zako za kila siku. Kufunga safari kwenda kutafuta gesi kunakula ile faida yote. Usiache tenki la petroli likauka. Weka kwa fundi mwenye cheti, usiende kwa wa uchochoroni kwa sababu amepunguza laki mbili. Na kama kazi yako ni ya saa maalumu, mzigo wa harusi, kumpeleka mgonjwa, kuwahi ndege, usiitegemee gesi ya usiku huo. Mimi upande wangu nimepata nafuu tangu kituo mama, kile kikubwa kinacholisha na vituo vidogo, cha TPDC, shirika la mafuta la taifa, kilipofunguliwa barabara ya Sam Nujoma 2025, kwa kuwa kiko njiani kwangu. Lakini mtu wa Chanika ndani au Kigamboni nimwambie nini? Huyo bado nasita. Huyo labda asubiri.

Hapana, hata hapo narudi nyuma kidogo. Nikimwambia asubiri, na wengine nao wakisubiri, nani atajenga kituo Chanika? Wanajenga penye magari. Sisi tuliotangulia ndio tulioyafanya mabomba yale yaonekane yana wateja, na ndiyo sababu nakataa kabisa kuambiwa niende kwenye petroli. Kituo kizima kimesimama kwa hela za watu wa aina yangu.

Nyota nampa fundi, zote tano. Gesi yenyewe nne, ya tano imeliwa na buti. Huduma ya pale usiku ule sitoi hata moja, na msimamizi wao nimempelekea malalamiko kwa maandishi, na saa, na namba ya pampu, na namba ya lile gari jeupe. Hajajibu mpaka sasa.

Wenye vituo, ninachowaomba hakihitaji mtaji mkubwa. Geti la kutokea lifungwe usiku, libaki moja la kuingilia. Magari yapewe namba, karatasi tu yenye muhuri inatosha. Na presha iliyopo iandikwe ubaoni pale nje, kwa maandishi makubwa, ibadilishwe kila inaposhuka, ili mtu asome akiwa bado barabarani aamue mwenyewe kama anapanga foleni au anapita.