Uzoefu wangu na Union List of Serials: msiiondoe rafuni

Kazi yangu ni kuorodhesha majarida, na kutwa nzima niko kwenye kompyuta. Hata hivyo, kila ninaposikia maktaba inapunguza vitabu vya marejeo ili kupata nafasi, naziombea juzuu 5 za Union List of Serials, toleo la tatu la mwaka 1965.

Orodha hii inahusu majarida yaliyoanza kutoka kabla ya 1950, na inaonyesha maktaba zipi za Marekani na Kanada zilikuwa nayo. Thamani yake naiona ninapoletewa juzuu kuukuu: jalada limeng'oka, ukurasa wa jina haupo, kilichosalia ni namba na mwaka. Kompyuta inanipa rekodi kadhaa zinazofanana, nyingine hata mwaka wa kukoma haina. Union List huliweka jarida chini ya jina lake la mwisho, kisha kwa herufi ndogo inaeleza juzuu zipi zilitoka kwa jina gani, na miaka yake. Mistari michache tu, na historia yote ya jarida unayo.

Katalogi za sasa zina utaratibu mwingine. Kanuni za uorodheshaji za 1967 (Anglo-American Cataloging Rules) ziliagiza kila jina jipya lipewe rekodi yake, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaanza kuzifuata 1971. Sina ugomvi na hilo, ila rekodi hizo hutegemea viungo vya kuunganisha jina moja na jingine. Kimoja kikikosekana, jarida lililobadili jina mara tatu linaonekana kama majarida matatu yasiyojuana.

Halafu kuna mabano ya mraba, kitu ninachokipenda kuliko vyote humo. Juzuu iliyo ndani ya mabano ni pungufu, yaani maktaba hiyo haina matoleo yake yote. Nikikuta maktaba nyingi zimeiweka juzuu ileile kwenye mabano, naanza kushuku kwamba kuna toleo ambalo halikuchapwa kabisa, na nalichunguza hilo kwanza kabla ya kuandika kwamba sisi ndio tumelipoteza.

Upungufu upo. Vitabu ni vizito, maandishi yanaumiza macho, na habari za nani ana nini zimepitwa na wakati, kwa hiyo usizitegemee kuagiza nakala. Kwa makusanyo ya Uingereza utahitaji British Union-Catalogue of Periodicals, juzuu 4 za 1955 hadi 1958, nayo ningeitetea vilevile. Matoleo ya kila mwaka ya Ulrich's, saraka ya majarida, siyatetei yote. Moja kwa kila miaka michache linatosha kujua jarida fulani lilikuwa hai lini.

Nafasi ikibana kweli, maktaba jirani zikubaliane kwa maandishi nani atabaki na seti kamili, kabla yeyote hajatupa yake. Na seti hiyo ikae karibu na meza za waorodheshaji, kwa sababu ikipelekwa ghala la mbali hakuna atakayeifuata kwa ajili ya swali la dakika mbili.