Birmingham Back to Backs: nendeni wakati wa baridi

Nilikwenda kwenye makumbusho haya ya nyumba za zamani, mjini Birmingham, Uingereza, na mama, aliyetoka Tanga kututembelea, kajitanda khanga juu ya koti. Nyumba hizi za vibarua zimepeana migongo, chumba kimoja kila ghorofa, kwa hiyo joto la jirani lilipenya ukutani likawa lako pia. Moto mmoja wa makaa ya mawe chini ndio uliopika, ukakausha nguo, ukapasha watu. Juu watoto walirundikana kitanda kimoja. Tofali la moto lilifungwa kitambaa likawekwa miguuni. "Na makaa yakiisha?" mama aliuliza. Hakusema tena mpaka uani, penye vyoo vya pamoja. Wekeni nafasi mapema, hamuingii bila mwongozaji. Ngazi ni nyembamba, zinajipinda. Mshikeni mzee mkono.