Maneno yangu yamo, ila siyaoni

Programu hii ya kuandikia nimekuwa nikiisifia kwa kila mtu. Herufi nzito ni nzito kweli, si zile za kuchakachua ambapo herufi ya kawaida inaneneshwa kwa nguvu kwa sababu fonti haina umbo lake nene. Majedwali yanakaa sawa. Hilo nalisema kwa haki.

Juzi nimenakili aya kadhaa kutoka kwenye kivinjari nikazibandika kwenye ripoti. Hakuna kitu. Nikabandika tena, hakuna kitu. Kumbe maneno yamo! Ni meusi juu ya weusi, kwa kuwa mimi hutumia hali ya giza, yaani skrini nyeusi yenye maandishi meupe.

Jamani, hili si fumbo. Ukinakili kutoka kwenye kivinjari, ubao wa kunakilia haubebi maneno matupu tu. Unabeba pia nakala ya HTML, lugha inayotumika kuunda kurasa za wavuti, yenye fonti, ukubwa na rangi zake. Programu imepokea rangi ya herufi, rangi ya usuli ikaitupa. Nani alikaa akaamua hivyo? Ama uchukue zote mbili, ama uziache zote mbili uweke za kwako! Ctrl+Shift+V, ambayo kwingi hubandika maneno bila mapambo, hapa imekufa. Amri yenyewe imefichwa ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu nyingine, na ukiitumia inafuta hata herufi za mlazo, ambazo mimi nazihitaji kwa majina ya vitabu. Nilichotaka kiondoke ni rangi tu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, na picha ya skrini nikaambatisha. Jibu: "Mpendwa mteja, tunakushauri utumie mandhari meupe." Basi. Hakuna pole, hakuna tutarekebisha. Macho yangu hayavumilii skrini nyeupe usiku, na hali ya giza wameiweka wao wenyewe kwenye mipangilio!

Nilikaa kuandika haya nikiwa na nyota tatu kichwani. Nimelisoma lile jibu upya: moja. Haya, mbili, kwa ajili ya majedwali, maana sijapata kwingine yanakotoka vizuri hivi. Lakini nyaraka zangu nimeshaanza kuzihamisha kwa RTF, muundo wa faili za maandishi ambao Microsoft waliutoa mwaka 1987, na mlazo wote unafika salama.