Sitriki asidi kwa yurino zilizoziba: nimeikubali

Wadau wa baa, migahawa na kumbi, hii inawahusu sana, hasa mlioko huku Dodoma ambako maji ya visima vya Mzakwe yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Baa ninayoisimamia tunatumia sitriki asidi ya unga kuzibua yurino, zile sinki za ukutani za haja ndogo upande wa wanaume, na kwa kazi hiyo sinunui dawa nyingine tena. Ni ileile ya kuweka kwenye juisi na jamu, inauzwa kwa kilo kwenye maduka ya malighafi za sabuni na vyakula.

Kinachoziba yurino mara nyingi sio uchafu jamani, ni jiwe. Mkojo ukikaa kwenye bomba bakteria wanaigeuza urea iliyomo kuwa amonia, ndo ile harufu inayochoma macho, na amonia ikizidi basi kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye mkojo, pamoja na za kwenye maji yetu haya ya chumvi, zinaganda ndani ya bomba tabaka juu ya tabaka mpaka bomba la inchi moja na nusu linabaki na kitundu cha kupitisha penseli. Sasa hapo mtu anakuja na kostiki soda. Kostiki ni nzuri kwa sinki la jikoni, inakata mafuta, inayeyusha hadi nywele, ila jiwe la mkojo hailigusi kabisa. Kuna fundi alitumwagia kwetu, akasukuma na plunja, maji yakapita, akalipwa akaondoka, na wiki haikuisha mkojo ukawa unarudi juu mpaka sakafuni mbele ya wateja. Iliniuma sana.

Kuna wengine wanaleta maji ya betri na hawa ndo wananiogopesha kabisa. Ni asidi kweli, ila ikikutana na kalsiamu inatengeneza jasi, na jasi haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo umetoa jiwe umeweka jiwe, na kijana wa usafi akirukiwa usoni anaweza kupoteza macho. Kwa kazi ya choo tu! Msikubali.

Tunavyofanya sisi ni hivi. Usiku tukishafunga, unakoroga kama gramu 200 kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu, usitumie yanayochemka maana joto kali linafanya kalsiamu igande upya na ile asidi halafu bomba la plastiki nalo linalainika, unamimina taratibu kwenye tundu, unaacha mpaka asubuhi. Utasikia inachemka kidogo mwanzoni. Asubuhi unamwaga ndoo nzima ya maji kwa nguvu na vipande vinatoka. Kama jiwe ni la miaka rudia usiku wa pili na wa tatu, haina haraka hii dawa na huo ndo udhaifu wake mkubwa, mwenye dharura saa mbili usiku wateja wamejaa haitamsaidia.

Na kama maji hayapiti hata tone usihangaike kumimina, dawa itabaki juu na jiwe liko chini. Fungua kwanza ile trapu, yaani bomba lililopinda chini ya sinki, weka ndoo, vaa glavu, toa kilichojaa humo, halafu pitisha springi, ule waya mrefu wa kuzibulia, kwenye bomba la ukutani, ndo umalizie na sitriki. Humo kwenye trapu utakuta vichungi vya sigara, njiti za meno na bigijii, na hizo hakuna asidi ya kuziyeyusha, kwa hiyo nunua neti za plastiki za kuweka juu ya tundu, zinalipa kuliko fundi.

Vile vidonge vyeupe vya kunukia sisi tumeacha. Vinaficha harufu tu huku jiwe linaendelea kujijenga, halafu vikibaki vidogo vinadumbukia kwenye tundu na kuzidisha kuziba. Kinachosaidia ni maji. Najua bili inauma, wenye baa wengi wanafunga koki ya yurino ili kubana matumizi, ila mkojo mtupu usiosukumwa ndo unaotengeneza jiwe haraka, bora kijana apite na jagi la maji kila baada ya muda hasa wikiendi bia zikikolea. Na mara moja kwa wiki mnaweka sitriki kidogo, hata robo ya ile ya kuzibulia, hata kama bomba linapita vizuri.

Tahadhari mbili kubwa. Usichanganye na Jik hata kidogo, asidi na Jik vinatoa gesi ya klorini inayoharibu mapafu, na choo cha baa mara nyingi hakina hata dirisha la maana, kwa hiyo siku ya sitriki Jik ikae stoo. Pili isimwagike kwenye sakafu ya terazo, inakula saruji na kuacha mabaka, kwenye sinki lenyewe la kauri haina shida.

Iwekeni kwenye kopo linalobana maana inavuta unyevu na kuwa bonge, na muandike kopo kwa maandishi makubwa, kwa macho inafanana na sukari na jikoni kwetu kuna watu wanaopika chai.