Nililipia Pilates, nikafundishwa kubana pumzi

"Dada, hili tumbo tulifanyeje?"

Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa nikiwa chali kwenye mkeka, miguu juu, kichwa juu, mikono inapigapiga kama kuku aliyefungwa miguu. Aliyeyasema ni mwalimu. Mwalimu niliyemlipa. Aliinama akanibonyeza chini ya kitovu kwa vidole viwili bila kuomba ruhusa, kama mtu anayekagua godoro dukani, akaligeukia darasa zima akacheka. Jirani yangu wa mkeka wa pili naye akacheka. Huyo nimemsamehe, alicheka kwa woga, zamu yake ilikuwa inakuja. Mwalimu sijamsamehe. Kama unatafuta tathmini ya mtu aliyetulia, hapa sipo. Bado nina hasira.

Kilichonipeleka ni hiki. Nimezaa mara mbili, na tangu huyo wa pili tumbo halijawahi kurudi kuwa langu. Sizungumzii unene. Nikijiinua kitandani, katikati ya tumbo panachomoza kitu kama paa la nyumba. Nikisimama kuosha vyombo, kiuno kinaniuma. Mtoto namweka nyonga moja tu, ile ile kila siku, mpaka bega la upande huo limekuwa chini kuliko mwenzake. Mtu anayejua mambo ya viungo aliniambia misuli ya mbele ya tumbo imeachana na haijakutana vizuri, nijaribu Pilates, yale mazoezi ya taratibu ya kuimarisha kiwiliwili, kwa sababu yanaanzia kwenye pumzi. Pumzi. Neno hilo ndilo lililonitoa nyumbani, na kwa wiki sita, au nane, sikulisikia likifundishwa hata mara moja mle ndani.

Nililolisikia ni "kaza". Kaza tumbo! Vuta kitovu kiguse mgongo! Bandika kiuno chini, nisione mwanga hapo! Kaza, kaza, kaza! Sasa mtu akikupigia kelele ukaze, unafanyaje? Unaziba pumzi, ndivyo tulivyoumbwa. Jaribu hapo ulipokaa: vuta kitovu ndani kwa nguvu zako zote, halafu vuta hewa. Ama haiingii, ama inaishia juu kifuani na mabega yanapanda kwenye masikio. Mimi nimefanya mazoezi hivyo karibu miezi miwili, mabega masikioni na mishipa ya shingo imesimama, nikiamini maumivu ya shingo ndiyo dalili ya kufanikiwa.

Na zoezi lenyewe lilikuwa lile la mia. Linaitwa hivyo kwa sababu mikono inapigapiga mara 100, na hesabu yake yote ni ya pumzi: unavuta kwa hesabu tano, unatoa kwa hesabu tano, mizunguko kumi. Ukiondoa pumzi hapo, unabaki na mtu anayefukuza nzi. Sisi tulihesabiwa kama kwata, moja mpaka mia, na hakuna aliyejali nani anavuta na nani anatoa. Nilipofika arobaini na kitu dari likaanza kuzunguka. Ndipo akanijia na vidole vyake, na swali lake, na kicheko chake. Halafu, akiwa ameshanipa mgongo, akatupa na hii: "Na unabana pumzi."

Ikumbuke hiyo. Mimi siku ile iliingia sikio moja ikatokea la pili. Aibu ilikuwa imenijaa.

Usiku sikulala. Kilichokuwa kinanichoma ni picha. Ukutani pale wametundika picha ya Joseph Pilates mwenyewe, mzee wa nywele nyeupe, kifua wazi, kaptula fupi. Nikashika simu nikaanza kumsoma. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, na utotoni alikuwa mtu wa kuumwa, pumu ikiwa mojawapo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimweka kizuizini, na inasimuliwa kwamba huko ndiko alikofunga springi kwenye vitanda ili wagonjwa wafanye mazoezi wakiwa wamelala. Mwaka 1926 akahamia New York, na wacheza dansi wakawa wateja wake wakubwa. Kupumua alikuweka mbele ya kila kitu. Yaani mtoto wa pumu ndiye aliyeanzisha jambo hili, halafu chini ya picha yake watu tunakaribia kuzimia kwa kukosa hewa, na anayetusimamia anacheka!

Na wala huwezi kumzuia mtu kulitumia jina. Mwaka 2000 mahakama moja ya shirikisho huko Marekani iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si alama ya biashara ya mtu mmoja. Sawa, sina ugomvi na jaji. Ila ndiyo maana kibao cha mlangoni hakikuambii lolote kuhusu utakayemkuta ndani.

Nikaacha kwenda. Wiki mbili, tatu. Nilirudi kwa sababu isiyo na ushujaa wowote: nilikuwa nimeshalipia vipindi na pesa hawarudishi.

Siku hiyo yule mwalimu hakuwepo. Alikuwepo mama mmoja mtu mzima, mwembamba, sauti ya chini mpaka unyamaze ndiyo umsikie. Muziki hakuwasha. Akasema tulale chali, tukunje magoti, nyayo chini, basi. Tukakaa hivyo. Tukaendelea kukaa hivyo. Hasira zikaanza kunipanda upya, nikijisemea kumbe nimelipia kulala. Akanifikia, akapiga goti pembeni ya mkeka, akaniuliza: "Nikushike mbavu, mwanangu?"

Nimeshapita arobaini. Lakini ile "mwanangu", na huko kuulizwa tu, machozi yalinilenga.

Akaweka viganja kwenye mbavu zangu za chini, kimoja kila upande. "Pumulia mikononi mwangu." Nikavuta, kifua kikapanda. "Hapo umepeleka mabegani. Mimi niko huku." Nikavuta tena, tumbo likafura. "Hilo tumbo. Njoo huku." Mara ya tano au ya sita mbavu zikafunguka pembeni, na nyuma nikauhisi mkeka ukinisukuma mahali ambapo sikuwa najua kama pana mbavu. "Haya, itoe taratibu, kama unayetia ukungu kwenye kioo. Usikaze kitu." Halafu akachukua vidole vyangu, vyangu mimi, si vyake, akavipeleka ndani kidogo ya ile mifupa miwili ya nyonga inayochomoza mbele. Pumzi ilipokaribia kwisha, kitu chini ya vidole kikajivuta chenyewe, polepole, kama mkanda unaorudishwa tundu moja. Mimi sikukaza. Nilishtuka nikacheka, na kile kicheko nacho nikakihisi pale pale kwenye vidole.

Alinieleza kwa maneno machache. Kiwambo, ule msuli uliotandazwa kama pazia chini ya mapafu, hushuka unapovuta hewa, na misuli ya sakafu ya nyonga huko chini hushuka nacho kidogo. Ukitoa hewa, vyote viwili hupanda, na msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ule unaozunguka kiuno kama mkanda, hujibana. "Sasa wewe ukiziba pumzi huku umekaza, nguvu yote ya ndani inatafuta pa kutokea. Kwako inatokea hapa." Akanionyesha katikati ya tumbo, pale penye paa langu. Kwa hiyo miezi miwili ya kunyanyua kichwa na kukaza, nilikuwa nalisukuma nje lile lile nililokwenda kulirekebisha. Jamani.

Kisha akaomba simu yangu. Akailaza chini ya kitovu, akasema: toa pumzi kwanza, halafu nyanyua mguu mmoja kutoka chini, simu isijue. Nikatoa, nikanyanyua, simu ikatulia tuli. "Sasa bana pumzi ufanye hivyo hivyo." Nikabana, nyonga ikabinuka, simu ikateleza mpaka kwenye mkeka. Nyumbani usiku nililirudia hilo mara sijui ngapi, kama mtoto aliyepata mwanasesere. Kioo cha simu kina ufa sasa. Kosa langu, nilijaribu kwenye benchi.

Kuhusu kunyooka sitasema mengi, ila hili moja limenigeuza. Tangu shuleni tumeambiwa "simama wima, kifua mbele", na mimi nikajua nimenyooka. Yule mama alinisimamisha ubavu kwenye kioo. Mbavu zimetokeza mbele, makalio yamebaki nyuma, na katikati kiuno ndicho kinacholipa. Akasema mbavu zikae juu ya nyonga kama mtungi juu ya kata, na wala nisizishushe kwa nguvu. Nikatoa pumzi ndefu, zikashuka zenyewe. Siku hizi nikiosha vyombo nashusha pumzi kila nikihisi kifua kimetangulia. Kiuno bado kinanikumbuka siku moja moja, sikatai, lakini si kila jioni.

Na nisiwauzie ndoto. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, ya mwaka 2015 kuhusu maumivu ya mgongo wa chini yaliona Pilates ni bora kuliko kutofanya kitu au kufanya kidogo sana, lakini hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inazidi mazoezi mengine. Kwa hiyo anayekuambia ni muujiza, anatafuta pesa yako. Paa la tumbo langu limepungua, halijaisha.

Nyota sasa. Nilipoanza kuandika nilikuwa na moja mkononi, na hiyo moja ni ya mikeka, ni misafi. Yule mama nampa zote tano na kama zipo za akiba nampa. Yule kijana, mwalimu wa kwanza, nampa sifuri. Gawanya mwenyewe.

Lakini hapo kuna jambo linanikera kuliko tusi lenyewe, na nikilificha nitakuwa mwongo. Kubandika mgongo chini hakulitunga yeye. Wanaofuata mtindo wa zamani hufundisha hivyo hivyo, na mzee wa ukutani mwenyewe alitaka hewa ikamuliwe yote kwenye mapafu. Kuna miili, hasa ya wasio na tumbo lililoachana, inayolimudu zoezi lile na kichwa kimenyanyuliwa vilevile. Kijana alifundishwa akafundisha. Kosa lake ni kutokuuliza. Swali moja tu, "Umezaa, dada?", lingetosha kumfanya aniambie niache kichwa chini na magoti niyakunje. Ameshika tumbo langu, hajaliuliza habari zake. Basi nampandisha, nyota moja. Nusu.

Wiki iliyopita yule mama hakuja. Mlangoni nikamkuta yeye. Nilishika kitasa kuondoka, nikakumbuka pesa hawarudishi, nikaingia nikatandika mkeka kona ya mwisho. Ikafika zoezi la mia. Sikunyanyua kichwa, magoti nikakunja, hesabu yake ya kwata nikaiachia hewani nikafuata yangu: tano kuvuta, tano kutoa. Nikaona viatu vyake vinakuja. Nikafunika tumbo kwa mkono mmoja, mwingine ukaendelea kupigapiga.

Akasimama. Hakuinama, hakugusa kitu. Akatazama kwa muda halafu akasema, na tabasamu lake lile lile: "Unaona, dada? Si nilikuambia unabana pumzi."

Alikuwa ameniambia, na hilo ndilo linalonifanya niandike usiku huu badala ya kulala. Kulikuwa na maneno kumi ya kumjibu, nayajua yote, nimeyapanga tangu siku ya godoro. Lakini nilikuwa nimefika sitini na saba, ilikuwa zamu ya kutoa, na pumzi yangu sikutaka kuimalizia kwake.