Stata na majina marefu ya kolamu, naipa nyota 4

Nafanya sana kazi na data za madodoso, hapa naongelea kitu kimoja tu, majina ya vigeu (yaani kolamu za data), na kwa hilo Stata, programu ya kuchambua data, naikubali ila kuna setingi moja uizime kwanza kabla hujafanya lolote.

Jina linaruhusiwa herufi 32, zinatosha kabisa. Programu wenzake, SPSS inafika 64, na R ndo usiseme inaenda mpaka elfu kumi, lakini jamani nani anataka kuandika jina refu hivyo kila mstari? Swali zima liweke kwenye lebo (maelezo ya kigeu), Stata inakupa herufi 80 za lebo, jina libaki fupi. Ila fupi lenye maana. Data za DHS (tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu) zina v012 ndo umri, v025 ndo mjini au kijijini, mimi siwezi kufanya kazi hivyo huku kodibuku (orodha ya maana za majina) imefunguka pembeni muda wote.

Ufupi una sababu nyingine. Kwenye jedwali la matokeo ya regresheni (uchambuzi wa uhusiano kati ya vigeu) Stata inakata jina likizidi herufi 12, inaacha kumi za mwanzo, alama ya ~ halafu ile ya mwisho. Sasa chukua kipato_cha_mwezi na kipato_cha_wiki, vyote viwili vinatoka kipato_cha~i, utajuaje kipi ni kipi? Andika kipato_mwz na kipato_wk, basi.

Setingi yenyewe sasa. Stata inakubali jina nusu, ukiandika umri na kwenye faili ipo umri_mama peke yake inachukua hiyo kimya kimya. Yaani ukishafuta umri kwa drop halafu ukairun tena ile komandi, inaondoka umri_mama na hakuna onyo lolote. Hii ni hatari kweli kweli, hasa kwenye do-file (faili la komandi za Stata) ndefu ya watu wengi. Andika set varabbrev off, permanently na ndo umepona. Ingekuja imezimwa tangu mwanzo ningetoa nyota zote 5.

Na kama mnakusanya kwa Kobo au ODK (programu za kukusanya data za madodoso) msisubiri data zifike ndo muanze kurename, kwenye XLSForm (fomu inayoandikwa kwa Excel) kolamu ya name ni tofauti na ya label, jina fupi likae kule kwenye name tangu siku fomu inatengenezwa, herufi ndogo zote maana kwa Stata Umri na umri ni vigeu viwili tofauti.